Pete R45 ndani ya mfereji wa R46: uchambuzi wa kisa cha flanji iliyovuja

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika kituo kimoja cha gesi kwenye jangwa la Oman, wakati mtambo ulipokuwa unarudishwa kazini baada ya kusimamishwa kwa matengenezo. Kituo chenyewe sitakitaja. Flanji ya inchi 6 (flanji ni sahani nene ya chuma kwenye ncha ya bomba, inayofungwa na mwenzake kwa bolti), daraja 1500 (daraja ni kiwango cha presha ambacho flanji imeundwa kukihimili), iliyo kwenye laini ya kurudisha gesi kavu ardhini, mita chache mbele ya kompresa, ilianza kuvuja presha ilipofika bar 110, ilhali laini hiyo hufanya kazi kwa bar 180. Hakuna aliyeumia na hakuna moto uliowaka. Mtambo ulichelewa siku mbili tu. Kwa kipimo cha hasara ni mkasa mdogo. Nimeuandika kwa sababu kila aliyeishika kazi ile alifuata utaratibu aliopewa, kila karatasi ilitiwa saini, na bado pete ya kuzibia isiyo yake iliingia kwenye mfereji, ikakazwa, ikajaribiwa, ikapita.

Mafundi wengi wa zamu yetu walikuwa Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba, nasi wachache tulitoka Tanzania bara, hivyo kazi na mabishano ya kazi yalikwenda kwa Kiswahili. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima aliyekulia Unguja kabla ya ukoo wake kuhamia Muscat. Sote tulimwita Mzee, na neno lake moja, ambalo siku ile tulilipuuza, ndilo lililokuwa ufunguo wa jambo lote.

Kwanza niieleze gasketi yenyewe, yaani kizibo kinachokaa kati ya flanji mbili, kwa kuwa asiyejua inavyofanya kazi hataona kosa liko wapi. Katika laini za presha ndogo flanji huzibwa kwa gasketi bapa inayolala kati ya nyuso mbili. Katika presha kubwa za mafuta na gesi hutumika pete ya chuma kitupu. Kila flanji huchongwa mfereji wa duara wenye kuta zilizoinama nyuzi 23, na pete huingia nusu katika mfereji wa flanji moja na nusu katika mfereji wa flanji ya pili. Pete haifiki chini ya mfereji. Hukwama kati ya kuta mbili kama kabari. Bolti zinapokazwa kabari hiyo husukumwa ndani zaidi, na kwa kuwa chuma cha pete ni laini kuliko cha flanji, hufinyangika na kujaza mikwaruzo midogo ya kuta. Ukanda huo mwembamba, chuma kilichobanwa juu ya chuma, ndio unaoizuia gesi. Ndiyo maana pete iliyokwisha kubanwa mara moja haifai kurudishwa, hata ikionekana nzima, kwa kuwa unene wa ziada uliokusudiwa kufinyangika umekwisha kutumika. Na ndiyo maana, baada ya kukaza, nyuso za flanji zenyewe hazitakiwi kugusana: lazima ibaki nafasi, na nafasi hiyo, kama tutakavyoona, ni shahidi asiyesema uongo.

Vipimo vya pete hizi vimewekwa katika kanuni ya ASME B16.20, ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, na kwa vifaa vya visimani katika API 6A, ya taasisi ya mafuta ya Marekani. Kuna aina tatu zinazokutwa kila siku. Aina ya R ndiyo ya kawaida, nayo hutengenezwa kwa umbo la yai au la pembe nane. Aina ya RX huingia katika mfereji uleule wa R, lakini ni ndefu zaidi kwa wima na imeumbwa ili presha ya ndani iisukume nje na kuongeza mkazo wake. Aina ya BX ni ya flanji za API za presha kubwa sana, ina mfereji wake peke yake, na flanji zake hukazwa hadi nyuso zigusane. Kwa hiyo kanuni ya nafasi niliyoitaja ni ya R na RX pekee, na fundi anayehama kutoka kichwa cha kisima kwenda kwenye bomba inampasa aache mazoea ya kule alikotoka.

Sasa tuje kwenye namba, maana kisa hiki ni kisa cha namba. Kwa bomba la inchi 6, flanji za daraja 300, 600 na 900 zote hutumia pete R45. Daraja 1500 hutumia R46. Kipenyo cha katikati cha R45, yaani kinachopimwa kutoka katikati ya upana wa chuma upande mmoja hadi katikati yake upande wa pili, ni milimita 211.14. Kipenyo cha katikati cha R46 ni milimita 211.14 vilevile. Zinachotofautiana ni upana wa chuma chenyewe: R45 ina milimita 11.11, R46 ina milimita 12.70. Ukizilaza mezani, kipenyo cha nje cha moja ni 222.25 na cha nyingine ni 223.84, tofauti ya milimita moja na nusu hivi katika pete inayokaribia ukubwa wa sahani ya chakula. Jicho haliwezi kuziona kuwa ni mbili.

Mtego huu wa kipenyo kimoja haupo kwenye inchi 6 peke yake. Inchi 8 ina R49 na R50 zenye kipenyo kimoja cha katikati, inchi 10 ina R53 na R54, inchi 12 ina R57 na R58, na katika kila jozi pete ya pili ndiyo ya daraja 1500. Lakini huko tofauti ya upana ni kubwa: R49 ina milimita 11.11 na R50 ina 15.88, hata anayepita njia ataona kwamba moja ni nene. Kwenye inchi 6 pekee tofauti imekuwa ndogo kiasi cha kumdanganya mtu mwangalifu.

Na mtu aliyedanganywa alikuwa mwangalifu kweli. Orodha ya vifaa ya kazi ile iliandikwa ofisini miezi kadhaa kabla, nayo ilisema tu: pete ya chuma laini, inchi 6, pembe nane. Daraja halikuandikwa wala namba ya pete. Kijana wa stoo, badala ya kukisia, aliomba aletewe pete iliyotolewa kwenye flanji. Alama ya ubavuni, ambayo kanuni inaitaka ionyeshe namba ya pete na herufi ya chuma chake, ilikuwa imeliwa na kutu. Akachukua venia, kifaa cha kupimia vipenyo na unene kwa usahihi, akapima kipenyo cha katikati mara tatu, akapata milimita 211 na pointi kidogo, akafungua jedwali na kushuka na kidole mpaka mstari wa kwanza wenye 211.14. Ulikuwa wa R45. Upana hakuupima, na hata angeupima, pete ya zamani ilikuwa imefinywa na kuliwa, kipimo kisingekuwa cha kutegemea. Rafu ilijaa R45 kwa sababu upande wa kuingilia kompresa, wenye presha ndogo, una flanji nyingi za daraja 600 na 900. Akatoa R45 mpya, ikiwa ndani ya karatasi yake ya mafuta.

Wapo waliotaka kisa kiishie hapo, kwa kijana yule. Mimi siafiki. Pete haichaguliwi kwa pete iliyotoka, kwa maana iliyotoka nayo huenda ilichaguliwa vibaya. Huchaguliwa kwa flanji. Flanji ya daraja 1500 ina namba ya daraja iliyogongwa ukingoni mwake, na hata ikiwa imefutika ina bolti 12 za inchi moja na tatu ya nane, wakati ya daraja 900 ina bolti 12 za inchi moja na moja ya nane. Anayesimama mbele ya flanji anaweza kujua. Aliyeketi stoo hawezi, ila kwa kile alichoandikiwa, naye aliandikiwa nusu ya habari.

Kazi ya kukaza ilifanyika usiku. Pete ilipakwa grisi ili ishikamane na mfereji wakati flanji zikivutwa pamoja, jambo linalofanyika sana kwenye mabomba yaliyolala na ambalo mimi silipendi, kwa sababu nitakayoieleza. Bolti zilikazwa kwa spana ya haidroliki, kwa mpangilio wa kuvuka, kwanza asilimia 30 ya mkazo uliopangwa, kisha 70, kisha 100, na mwisho mzunguko mmoja wa kufuatana. Kila kitu kilienda sawa, na kilienda haraka. Nilipopita kutia saini, Mzee alikuwa anafuta mikono.

"Mwanangu, flanji hii imekaa upesi mno," akaniambia.

"Kwani vibaya, Mzee? Mkazo si umefika?"

"Umefika. Lakini nati za mfereji mkubwa huwa zinakula kwanza, zinakwenda, zinakwenda, ndiyo zishike. Hizi zimeshika kama tunakaza mawe."

Nikatia saini. Spana ilikuwa imesoma mkazo uliotakiwa kwenye bolti zote 12, na wakati ule niliamini kwamba mkazo wa bolti ndio mkazo wa pete.

Jaribio la kwanza lilikuwa la naitrojeni kwa bar 10, pamoja na maji ya sabuni, hapakuonekana povu. Siku iliyofuata gesi ikaingizwa na presha kupandishwa kwa hatua. Kwenye bar 60 kimya. Kwenye bar 110 kigunduzi cha gesi kilicho karibu kikalia, na aliyekwenda na kigunduzi cha mkononi akaikuta gesi ikitoka upande wa juu wa flanji.

Ushauri wa kwanza uliotolewa redioni ulikuwa ule unaotolewa kila mahali: kazeni zaidi. Nashukuru haukufuatwa. Kukaza flanji inayovuja gesi ikiwa na presha ni kumweka fundi na spana yake mbele ya kitu ambacho hakijulikani kwa nini kinavuja, na bolti ikikatika hakuna wa kumwelezea kosa. Zaidi ya hapo, katika kisa hiki kukaza kusingeleta kitu. Presha ilishushwa, laini ikatengwa kwa vali mbili zenye tundu la kupumulia katikati, na ndipo tukaanza kupima.

Tulipima jambo ambalo tungelipima kabla ya kutia saini. Katika flanji zetu sehemu yenye mfereji imeinuka juu ya uso wa nje kwa kimo kinacholingana na kina cha mfereji, yaani milimita 9.53 kwa R46. Flanji mbili zikikutana sehemu hizo zilizoinuka zinagusana, umbali kati ya kingo za nje utakuwa mara mbili ya hapo, milimita 19.06. Jedwali la R46 linataka nafasi ya takriban milimita 3 ibaki kati ya nyuso baada ya kukaza, kwa hiyo ukingoni kulipaswa kusomwa milimita 22 hivi. Venia ilisoma 20.4 juu, 19.8 ubavuni huku na huku, na chini 19.1. Kwa maneno mengine, chini chuma kilikuwa kimelala juu ya chuma, na mkazo wote ambao spana iliusoma ulikuwa unaibana flanji kwa flanji, pete ikitazama.

Tulipofungua, pete ilisimulia iliyobaki. Pete iliyokaa vizuri hutoka na kanda nne zinazong'aa, mbili za ubavu wa nje na mbili za ubavu wa ndani, zinazozunguka duara zima bila kukatika. Yetu ilikuwa na mng'aro wa ubavu wa nje kwenye nusu ya chini peke yake, na mng'aro wa ubavu wa ndani kwenye nusu ya juu peke yake. Kwingine ilikuwa na rangi ileile iliyotoka nayo dukani, na grisi juu yake. Mzee aliigeuza kwenye taa, akapitisha ukucha pale mng'aro unapokatika, akanipa. Ubavuni, herufi safi kabisa: R45 D.

Maelezo yake ni ya uzito tu. Mdomo wa mfereji wa R46 una upana wa milimita 13.49. Pete yake halali, yenye 12.70, hubaki na mchezo wa milimita 0.8. R45 yenye 11.11 hubaki na mchezo wa milimita 2.4. Bomba lilikuwa limelala, hivyo pete ilishuka kwa uzito wake, ikaegemea ukuta wa nje upande wa chini na ukuta wa ndani upande wa juu, na ilipoanza kubanwa ikang'ang'ania palepale. Ili gesi izuiwe, ni lazima walau ukuta mmoja uzibwe duara zima. Hapa hakuna ukuta uliozibwa duara zima. Gesi iliingia chini kwa upande wa ndani, ikapita katika uwazi ulio nyuma ya pete, ikazunguka mpaka juu, ikatoka kwa upande wa nje, palepale kigunduzi kilipoikuta. Naamini grisi ndiyo iliyoziba njia hiyo kwenye bar 10 na ikatupatia jaribio safi. Siku hizi naruhusu mafuta mepesi ya kupangusa tu; pete isiyotaka kukaa hushikiliwa kwa mkono au kwa uzi mwembamba usiopita kwenye ukuta wa mfereji.

Nilipofanya hesabu ya pembe, nilipata jambo lililonisumbua kuliko uvujaji wenyewe. Pete R46 ya pembe nane ikilazwa katika mfereji wake kabla ya kukazwa huziacha nyuso za flanji mbali kwa milimita 6 hivi. Hiyo ndiyo safari ya nati ambayo Mzee aliisema. R45 katika mfereji huohuo huziacha mbali kwa milimita 2.3 tu. Safari ni fupi, lakini ipo. Yaani pete hii, ikikaa katikati kwa bahati, na flanji zikiwa sambamba, inaweza kubanwa vya kutosha na kuzuia gesi. Pete ambayo haiingii kabisa haina hatari, kwa sababu fundi huirudisha stoo akilalamika. Ya kuogopwa ni ile inayoingia na kukubali.

Wengine walidhani bolti hazikuwa na nguvu. Presha ya bar 180 juu ya duara la kipenyo cha milimita 211 hutoa msukumo wa kutenganisha flanji wa takriban kilonyutoni 630, karibu uzito wa tani 64. Bolti 12 za ukubwa ule, zikikazwa kwa nusu ya uwezo wa chuma chake, hutoa zaidi ya kilonyutoni 3,400, zaidi ya mara tano ya msukumo huo. Nguvu ilikuwepo ya kuzidi. Ilikosa mahali pa kwenda, kwa kuwa baada ya nyuso kugusana kila tani ya ziada ilimezwa na flanji.

Kuchagua pete ya kurudisha kulizua mjadala wa pili, na ulikuwa mjadala mzuri. Mhandisi mmoja alipendekeza kwamba, kwa kuwa flanji imefunguliwa, tuweke R46 ya chuma kisichoshika kutu, aina ya 316, idumu zaidi. Hoja yake ina mvuto, na kwenye laini zenye gesi chafu na maji ningemsikiliza. Lakini pete lazima iwe laini kuliko mfereji. Pete ya chuma laini, yenye alama D, haitakiwi kuzidi ugumu wa Brinell 90, kipimo ambacho namba kubwa ina maana ya chuma kigumu zaidi. Ya chuma cha kaboni kidogo, alama S, haizidi 120. Ya 316 huruhusiwa kufika 160. Flanji zetu ni za chuma cha kaboni cha ASTM A105, ambacho kima chake cha chini ni 137, na tulipozipima kwa kipimo cha mkononi zilisoma kati ya 148 na 155. Pete ya 316 ingeweza kuwa ngumu kuliko ukuta inaoubana, na hapo kinachofinyangika si pete bali flanji. Pete ni ya kutupwa. Mfereji ukiharibika, ama uletwe mtambo wa kuchonga palepale jangwani, ama flanji ikatwe na kuchomelewa nyingine. Gesi ya laini hii imekaushwa kabla ya kompresa, kutu ya ndani si tatizo lake, na pete iliyotangulia ilikuwa imeliwa kwa nje na unyevu na chumvi ya miaka mingi. Chuma laini kikabaki.

Pendekezo la RX46 halikuchukua muda. Ni kweli inaingia katika mfereji wa R46, lakini huongeza nafasi kati ya flanji kuwa zaidi ya milimita 10, na laini fupi iliyofungwa kati ya kompresa na vali nzito haina pa kuitoa nafasi hiyo ila kwa kuvuta bomba. Kuhusu umbo, tulibaki na pembe nane. Umbo la yai lina faida moja, kwamba huingia hata katika mifereji ya zamani yenye kitako cha mviringo. Yetu ina kitako bapa, na katika mfereji wa namna hiyo pembe nane hukamata ukuta kwa eneo kubwa zaidi.

Kabla ya kuingiza pete mpya tulisafisha mifereji kwa kitambaa na kiyeyushi, tukapima upana na kina, kisha tukapaka rangi ya bluu ya kukagulia na kuizungusha pete kidogo ili tuone inagusa wapi. Kwenye ukuta wa nje wa flanji ya upande wa vali palikuwa na mkwaruzo mfupi. Mkwaruzo unaofuata duara huvumilika ukiwa mwepesi. Unaokatiza kutoka ndani kwenda nje ni njia iliyotengenezwa tayari kwa ajili ya gesi. Huu ulikuwa wa kufuata duara, na uliondoka kwa msasa laini uliopitishwa kwa kufuata duara pia. Nguzo ya bomba iliyokuwa imelegea ikapandishwa mpaka flanji zikawa sambamba bila kuvutwa. Pete ikaingia bila grisi. Safari hii nilisimama mwanzo hadi mwisho, na nati zilikwenda, zikaenda, ndipo zikashika. Ukingoni tulisoma 22.3, 22.1, 22.2 na 22.2.

Karatasi za kazi zilibadilishwa wiki hiyohiyo. Orodha ya vifaa sasa haipokelewi stoo bila namba kamili ya pete, herufi ya chuma, umbo na namba ya flanji inakokwenda, na fomu ya kukaza ina visanduku vinne vya umbali kati ya kingo, vinavyojazwa kwa namba, si kwa alama ya vema. Kijana wa stoo alitundika R45 na R46 ukutani, moja kando ya nyingine, na mbele ya kila moja akafunga kibao cha upana wake. Ni jambo lake mwenyewe, hakuna aliyemwagiza.

Palibaki swali la flanji nyingine. Katika matengenezo yale zilifunguliwa flanji tisa za inchi 6 daraja 1500, nyingine nane zikiwa zimefungwa na vikosi tofauti. Tulizipima zote ukingoni bila kuzifungua, kazi ya saa mbili. Saba zilisoma 22 na kitu. Moja ilisoma 19.4 pande zote nne. Hiyo haikuwa imevuja hata chembe. Ilikuwa imepita kwenye naitrojeni, imepita kwenye bar 110 pamoja na ile iliyovuja, na ilikuwa upande wa vali ambao kuufungua kungetuongezea siku nzima ya kusimama.

Msimamizi wa mtambo aliuliza, na kwa nafasi yake ilimpasa aulize, kwa nini tufungue kitu kizima. Nilimwonyesha hesabu yangu. Mzee hakuonyesha hesabu. Alisema tu kwamba yeye hatapanda jukwaa lile kompresa ikiwa inafanya kazi, na kwamba hatamtuma mtoto wa mtu mahali asipokwenda mwenyewe. Ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na R45, imekaa katikati sawasawa, kanda zake nne zinang'aa duara zima. Kwenye uso wa flanji palikuwa na alama moja tu ya kugusana, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Msimamizi aliishika pete kwa muda, akauliza ingedumu kiasi gani. Hatukuwa na jibu la kumpa. Akairudisha mezani, akatia saini ya kutolewa R46.